Ubatizo wa Maji na Wokovu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa kifupi: Kanisa Katoliki linafundisha kwamba ubatizo ni lazima kwa wokovu?

Ndiyo. Tarehe 3 Machi 1547 Mtaguso wa Trento (mkutano mkuu wa maaskofu) ulimhukumu yeyote anayesema kwamba ubatizo ni hiari, yaani si lazima kwa wokovu. Siku hiyohiyo ulimhukumu anayedai kwamba maji halisi hayahitajiki, na kwamba maneno ya Yesu kwa Nikodemo, "Mtu asipozaliwa kwa maji na kwa Roho, hawezi kuuingia ufalme wa Mungu" (Yohane 3:5), ni lugha ya mafumbo tu. Hadi hapo Wakatoliki hawabishani.

Ubishi unaanza kwa mtu ambaye maji hayakumfikia: mkatekumeni (mtu anayefundishwa ili abatizwe) aliyefariki wiki mbili kabla ya Pasaka, mtoto aliyekufa tumboni, mtu ambaye hajawahi kulisikia jina la Kristo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1257, inajibu kwa sentensi moja yenye vipande viwili: Mungu ameufunga wokovu na sakramenti ya ubatizo, lakini yeye mwenyewe hafungwi na sakramenti zake. Kipande cha kwanza kinatuhusu sisi na wajibu wetu. Cha pili kinamhusu Mungu na uhuru wake. Karibu kila kosa katika mjadala huu hutokana na kunukuu kipande kimoja na kukiacha kingine kikae kimya.

Sasa "lazima" gani hiyo ambayo watu wanaweza kuokoka bila nayo?

Wanateolojia hutenganisha lazima ya amri na lazima ya njia. Kuhudhuria Misa ya Jumapili ni lazima ya amri: ukiwa mgonjwa kitandani, huna kosa na hujapoteza kitu. Lazima ya njia ni kali zaidi, kwa sababu kitu chenyewe ndicho kinachokufikisha, na ukikikosa hata bila kosa lako, hufiki. Ubatizo ni lazima ya namna hii ya pili. Ndiyo maana suala la watoto wachanga ni gumu: hawajavunja amri yoyote, lakini njia hawakuipata.

Kuna mgawanyo wa ndani zaidi, ambao wabishi wengi huuruka. Baadhi ya njia ni lazima kwa asili yake, nazo hazina mbadala: neema ya utakaso, imani, mapendo. Nyingine ni lazima kwa kuwa Mungu ameziweka, na hizo ni pamoja na sakramenti. Barua ya Ofisi Takatifu ya Roma (idara ya Papa iliyosimamia mafundisho ya imani) ya tarehe 8 Agosti 1949, ambayo tutairudia, inasema kwamba kwa njia za kundi hili la pili Mungu anaweza kutoa tunda lake hata pale ambapo mtu ana nia au shauku tu ya kuzipokea. Anayekufa bila maji lakini akaokoka hajaokoka bila neema ya ubatizo. Ameipata neema hiyo kwa mlango mwingine.

Ubatizo wa damu na ubatizo wa tamaa ni nini?

Ubatizo wa damu ni kuuawa kwa ajili ya Kristo kabla ya kubatizwa kwa maji. Ubatizo wa tamaa ni hali ya mtu mwenye imani, majuto yatokanayo na kumpenda Mungu, na nia ya kubatizwa, ambaye kifo kinamkuta kabla ya maji.

Neno "tamaa" linaponza watu. Kwa Kiswahili cha kila siku tamaa ni uroho, au kutaka kitu juujuu. Neno la Kilatini ni *votum*, ambalo pia lina maana ya nadhiri. Ni nia iliyoamuliwa. Mtu anayesema "siku moja huenda nikabatizwa" hana *votum*. Baadhi ya makatekista hupendelea kusema ubatizo wa hamu au wa nia, na hawajakosea.

Hizi si sakramenti tatu. Sakramenti ni moja, ya maji. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anaeleza kwamba damu na tamaa huitwa ubatizo kwa sababu hutoa tunda la ubatizo, lakini hazitii chapa isiyofutika rohoni. Tofauti hiyo ina matokeo. Mkatekumeni mwenye tamaa kamili bado hawezi kupokea Ekaristi, kipaimara wala upadri, na akinusurika kifo bado ana deni la kwenda kwenye maji. Tomaso anaongeza kwamba maji na kifo-dini (kuuawa kwa ajili ya imani) hufuta dhambi pamoja na adhabu yake yote. Aliyekufa na tamaa peke yake ameokoka, ila anaweza kubaki na adhabu ya kutakaswa kabla ya kumwona Mungu.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko kwa Mashahidi wa Uganda. Mwezi Mei 1886, pale Munyonyo, Karoli Lwanga alijua kwamba yeye na wenzake watauawa. Miongoni mwao walikuwamo wakatekumeni, Kizito akiwa mmoja wao. Lwanga, mlei, yaani mwamini asiye padri, hakuwaambia kwamba damu itatosha. Alitafuta maji akawabatiza kwa siri. Lakini Mukasa Kiriwawanvu, aliyechomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, alikufa akiwa mkatekumeni, na tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI alimtangaza mtakatifu pamoja na wengine wote. Maji yanapopatikana, yatumike. Yasipopatikana, Mungu hakwami.

Mababa wa Kanisa, yaani walimu wa Kikristo wa karne za kwanza, walikuwa na sauti moja?

Juu ya damu, karibu wote. Tertuliani na Sipriani wa Karthago wanaikubali waziwazi. Sirili wa Yerusalemu anasema asiyebatizwa hana wokovu, isipokuwa mashahidi tu.

Juu ya tamaa, hapana, na ni vizuri kukiri hivyo. Ambrosi, akimzika Kaisari Valentiniani II aliyekufa mwaka 392 kabla ya kubatizwa, aliwaambia waombolezaji kwamba marehemu aliiomba neema hiyo, na kwa kuwa aliiomba, aliipata. Augustino aliandika kwamba pamoja na kifo-dini, imani na wongofu wa moyo vinaweza kujaza pengo la ubatizo pale muda unapokosekana. Baadaye, alipozipitia kazi zake, alikuwa na wasiwasi kama mwizi mwema wa Luka 23 ni mfano unaofaa, kwa sababu hatujui kama hakuwa amebatizwa.

Upande wa pili yuko Gregori wa Nazianzo. Katika hotuba yake ya mwaka 381 juu ya ubatizo anauliza hivi: kama humhukumu mtu kuwa mwuaji kwa sababu ya kutaka kuua tu, basi usimhesabu kuwa amebatizwa kwa sababu ya kutaka tu. Ni hoja nzito. Ila angalia aliokuwa akiwaambia. Wakati ule watu walikuwa wakiahirisha ubatizo makusudi hadi kitanda cha mauti ili watende dhambi kwanza na kufutiwa baadaye. Konstantino mwenyewe alibatizwa karibu na kufa, mwaka 337. Gregori alikuwa akiwapiga mijeledi wazembe, na Gregori huyohuyo, katika hotuba iliyoitangulia hiyo, anauhesabu kifo-dini kuwa ubatizo.

Kwa hiyo anayekuambia "Mababa wote walikataa tamaa" amekosea, na anayekuambia "wote waliikubali" amekosea vilevile.

Trento ilisema nini hasa? Ubishi wa neno "au" ni upi?

Tarehe 13 Januari 1547, katika hati juu ya kuhesabiwa haki, sura ya 4, Mtaguso ulisema kwamba tangu Injili ilipotangazwa, mtu hawezi kuvuka kutoka hali ya dhambi kuingia hali ya neema *sine lavacro regenerationis aut eius voto*, yaani bila josho la kuzaliwa upya au bila nia ya kulipokea.

Wanaokataa ubatizo wa tamaa husema "au" hapo inadai vyote viwili. Kwa Kiswahili jambo hili huonekana vizuri, maana "au" yetu ina ukungu uleule. "Hakuna ndoa bila bwana arusi au bibi arusi": ukikosa mmojawapo, ndoa haipo. "Huvuki mto huu bila mtumbwi au daraja": kimoja kinatosha. Sarufi peke yake haiamui ni mto au ni ndoa. Tena wana hoja nyingine, kwamba mara baada ya maneno hayo Mtaguso unanukuu Yohane 3:5.

Kinachoamua ni jinsi Trento yenyewe na Kanisa baada yake walivyolitumia neno hilo. Kanuni ya 4 juu ya sakramenti kwa jumla inamhukumu anayesema kwamba watu hupata neema bila sakramenti au bila nia ya kuzipokea. Mwaka 1551, katika fundisho juu ya Kitubio, Mtaguso unasema majuto yaliyokamilishwa na mapendo humpatanisha mtu na Mungu kabla hajaipokea sakramenti, lakini si bila *votum* ya sakramenti hiyo. Neno ni lilelile, na hapo maana yake haina utata: nia hufanya kazi kabla tendo halijafanyika. Katekisimu ya Roma ya 1566 inaeleza kwamba kwa watu wazima kuchelewesha ubatizo hakuna hatari ileile iliyopo kwa watoto, kwa sababu ajali ikiwazuia kufika kwenye maji, nia yao na toba yao vitawafaa kupata neema. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa 1917, kanuni ya 737, ukaandika wazi: ubatizo ni lazima kwa kupokewa kweli au angalau kwa nia. Kanuni ya 849 ya mkusanyo wa 1983 inarudia. Baada ya karne nne za kulisoma kama mto, kulisoma kama ndoa ni kudai kwamba Kanisa halikuwahi kuielewa hati yake lenyewe.

Padri Feeney alikuwa nani, na kwa nini anatajwa kila mara?

Leonard Feeney alikuwa padri Mjesuiti wa Marekani aliyeongoza kituo cha Mtakatifu Benedikto huko Cambridge, Massachusetts, miaka ya 1940. Alifundisha kwa ukali kwamba nje ya Kanisa hakuna wokovu, akimaanisha kwamba asiyepokea maji haokoki, hata awe na nia gani. Msimamo wake ulikuwa na mkunjo ambao wafuasi wengi wa leo hawaujui: alikubali kwamba tamaa inaweza kumpa mtu haki na neema, ila akasema mtu huyo akifa bila maji haokoki, na kwamba Mungu atahakikisha kila mteule anapata maji.

Shida iko hapo katikati. Ukikubali kwamba mtu ana neema ya utakaso, kisha ukasema akifa papo hapo anapotea, umesema mtu anaweza kufa akiwa rafiki wa Mungu na bado akahukumiwa. Trento haikuachi ufike huko.

Barua ya 1949 iliandikwa kwa Askofu Mkuu Richard Cushing wa Boston kuhusu suala hili, na ikachapishwa hadharani mwaka 1952. Feeney alitengwa na Kanisa tarehe 13 Februari 1953, na kosa lililotajwa lilikuwa kutotii, kwa kuwa aliitwa Roma akagoma. Alipatanishwa mwaka 1972 bila kutakiwa kukana tafsiri yake, akafariki mwaka 1978. Wengine husema hilo linathibitisha kwamba alikuwa sahihi. Halithibitishi. Linaonyesha tu kwamba alisamehewa kile alichoadhibiwa.

Mtaguso wa Firenze haukusema kwamba hata anayemwaga damu kwa ajili ya Kristo haokoki nje ya Kanisa?

Ulisema, mwaka 1442, katika hati kwa ajili ya Wakopti (Wakristo wa Misri). Maneno hayo yametolewa kwa Mtakatifu Fulgensi wa Ruspe, na Fulgensi katika andiko hilohilo anawatoa kwenye sharti la maji wale wanaomwaga damu kwa ajili ya Kristo wakiwa ndani ya Kanisa. Hati inamlenga anayebaki katika utengano, si mkatekumeni anayebisha hodi.

Je, Papa yeyote amewahi kutoa uamuzi kwa mtu halisi?

Inosenti III, tarehe 28 Agosti 1206, akimjibu Askofu wa Metz. Myahudi mmoja aliyekuwa karibu kufa, akiwa hana Mkristo karibu naye, alijitumbukiza majini akisema anajibatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Papa alijibu kwamba ubatizo huo ni batili, kwa kuwa mbatizaji na mbatizwa lazima wawe watu wawili, hivyo abatizwe na mwingine. Lakini, akaongeza, kama angekufa pale pale angeingia mbinguni mara moja kwa imani ya sakramenti, ingawa si kwa sakramenti ya imani.

Jibu moja, hukumu mbili. Ishara imeharibika, irudiwe. Mtu mwenyewe yuko mikononi mwa Mungu.

Ambaye hajawahi kusikia habari za Kristo anaweza kuwa na tamaa ya ubatizo?

Barua ya 1949 inasema nia si lazima iwe ya wazi. Inaweza kuwa ya ndani, imejificha katika utayari wa mtu wa kutaka kufanya mapenzi ya Mungu kwa kadiri anavyoyajua. Katekisimu, namba 1260, inasema mtu wa namna hiyo anaweza kudhaniwa kwamba angeutaka ubatizo kama angejua ulazima wake. Pio IX alikwisha kufundisha mwaka 1863 kwamba asiyejua pasipo kosa lake hahukumiwi kwa kutojua huko.

Ila barua hiyohiyo inaweka masharti ambayo watu wengi huyasahau: nia hiyo lazima ihuishwe na mapendo kamili, na pawepo imani ipitayo maumbile, kama Waebrania 11:6 inavyodai. Kutojua hakuokoi mtu. Kunaondoa kosa moja tu. Wala mtu haokolewi na "wema wake". *Lumen Gentium* namba 16, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya mwaka 1964, inataja neema kwa makusudi, na inamalizia kwa kuonya kwamba mara nyingi watu hudanganywa na yule Mwovu. Sehemu hiyo ya mwisho hainukuliwi sana.

Nimekwisha kuamini. Naweza kukaa na tamaa tu bila kwenda kubatizwa?

Hapana. Anayejua kwamba Kristo ameagiza maji, anayaweza, na hayataki, hana tamaa hiyo kwa ufafanuzi wake wenyewe. *Lumen Gentium* 14 inasema wazi kwamba anayejua kuwa Kanisa ni la lazima na akakataa kuingia, hawezi kuokoka. Kornelio katika Matendo 10 alishukiwa na Roho Mtakatifu kabla ya maji, na papo hapo Petro akaagiza abatizwe.

Kungoja mafundisho hadi Mkesha wa Pasaka si kukataa. Ukiugua vibaya katikati ya safari hiyo, usingoje: kanuni ya 865 ya mkusanyo wa 1983 inaruhusu mtu mzima aliye katika hatari ya kufa abatizwe akijua kweli kuu za imani kwa kiasi fulani, akionyesha nia yake kwa namna yoyote, hata kwa ishara ya kichwa, na akiahidi kushika amri za dini ya Kikristo.

Watoto wanaokufa bila ubatizo wanakwenda wapi? Limbo ipo?

Mtoto mchanga hawezi kuwa na nia yake mwenyewe, ndiyo maana swali hili limewasumbua watu kwa miaka 1600. Augustino, akipambana na Wapelagi (waliokana dhambi ya asili), alisema wanahukumiwa, ingawa kwa adhabu iliyo nyepesi kuliko zote. Wanateolojia wa karne za kati walilegeza: adhabu ya watoto hao ni kukosa kumwona Mungu, bila maumivu, na Tomaso akawapa furaha ya maumbile. Hali hiyo ndiyo iliyoitwa limbo. Kardinali Kayetano, karne ya 16, alipendekeza kwamba nia ya wazazi inaweza kumtosha mtoto anayefia tumboni. Ukurasa huo uliondolewa katika toleo la Roma la 1570 kwa agizo la Pio V. Mwaka 1794 Pio VI aliwakemea waliosema limbo ni hekaya ya Kipelagi, jambo ambalo liliilinda limbo isitukanwe bila kuifanya kuwa fundisho la imani.

Mwaka 1951 Pio XII, akizungumza na wakunga, alisema mtu mzima anaweza kufidia ukosefu wa ubatizo kwa tendo la mapendo, lakini mtoto hana njia hiyo, kwa hiyo abatizwe haraka. Halafu Katekisimu, namba 1261, ikasema Kanisa linaweza tu kuwakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu, na kwamba kuna tumaini kwamba ipo njia ya wokovu kwa ajili yao. Tume ya Kimataifa ya Teolojia ilichapisha hati juu ya jambo hili mwaka 2007. Inasema kuna misingi mizito ya kutumaini, na papo hapo inasema misingi hiyo haitoi ujuzi wa hakika. Magazeti yalitangaza "Papa afuta limbo". Hakuna kilichofutwa. Maoni ya wanateolojia yalipoteza nguvu, tumaini likachukua nafasi.

Uangalifu huo unaonekana hata katika herufi. *Evangelium Vitae*, waraka wa Papa Yohane Paulo II wa 1995, namba 99, ilipotolewa mara ya kwanza, iliwaambia wanawake waliotoa mimba kwamba mtoto wao sasa anaishi katika Bwana. Katika maandishi rasmi ya Kilatini sentensi hiyo ilibadilishwa: wamkabidhi mtoto wao kwa Baba na huruma yake, kwa matumaini.

Kwa mzazi aliyefiwa: unaruhusiwa kutumaini, kuomba na kuombewa. Anayekuambia kwa uhakika kwamba mtoto wako amepotea amesema kitu ambacho Kanisa halikisemi.

Nibatizeje mtu anayekufa wakati padri hayupo?

Yeyote anaweza, hata asiyebatizwa, mradi akusudie kufanya lile Kanisa linalofanya (kanuni ya 861). Si lazima uweze kulieleza kusudi hilo kiteolojia.

Mtu mzima aliye na fahamu mwulize kwanza. Asiyetaka habatizwi. Kwa mtoto aliye katika hatari ya kufa, sheria inaruhusu hata wazazi wasipokubali (kanuni ya 868), lakini kubatiza kwa siri mtoto wa watu ambaye hana hatari hiyo ni kosa.

Tumia maji ya kawaida: ya bomba, mvua, kisima, mto, bahari, au maji safi ya hospitali. Hayahitaji kubarikiwa katika dharura. Nusu kikombe kinatosha. Mimina kwenye kichwa, ikiwezekana kwenye paji la uso, ili yaguse ngozi na kutiririka, huku wewe mwenyewe ukisema:

"Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Utaratibu ni kumimina mara tatu, mara moja kwa kila Nafsi. Ukimimina mara moja tu ubatizo ni halali bado. Maneno na maji viende pamoja. Jina hutajwa mwanzoni, lakini likikosekana halibatilishi kitu.

Mtoto aliye ndani ya mashine ya joto mara nyingi hawezi kumiminiwa kikombe. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano yenyewe, lenye mililita chache za maji safi ya vuguvugu, na umwambie mwuguzi kabla ya kuingiza mkono. Angalia jambo moja: maji yasogee juu ya ngozi. Pamba iliyoloa iliyopapaswa tu, au tone moja lililokaa pale lilipodondokea, huacha shaka, na shaka hiyo itawasumbua wazazi baadaye.

Ni makosa gani hubatilisha ubatizo?

Kimiminika kisicho maji. Gregori IX, mwaka 1241, alimjibu Askofu Mkuu wa Nidaros huko Norway kwamba watoto waliobatizwa kwa bia kwa kukosa maji hawahesabiwi kuwa wamebatizwa sawasawa. Vivyo hivyo maziwa, divai, mate. Chai nyepesi au mchuzi mwembamba ni shaka, na shaka haitumiki panapo maji.

Kugawana kazi. Mmoja amwage, mwingine aseme: batili, kwa sababu aliyesema "nakubatiza" hakubatiza.

Kubadili maneno. Mwaka 2008 Roma ilitamka kwamba "kwa jina la Muumba, na la Mkombozi, na la Mtakatifuzaji" si halali. Tarehe 6 Agosti 2020 ilitangaza kwamba "tunakubatiza" nayo ni batili, kwa kuwa anayebatiza ni Kristo kwa kinywa cha mhudumu wake, si jumuiya. Mwezi huohuo padri mmoja wa Jimbo Kuu la Detroit aligundua kwenye video ya utotoni kwamba shemasi alimbatiza kwa "sisi". Hakuwa Mkristo kisakramenti, kwa hiyo hakuwa padri. Alibatizwa, akapewa kipaimara na Ekaristi, akawekwa wakfu upya, na Misa na vitubio alivyokuwa amefanya vikawa suala la jimbo zima. Herufi chache za mwanzo wa kitenzi zilitosha. Wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya kuwa makini hapa: *na-* na *tuna-* hubadilishana mdomoni kirahisi sana.

Maji kwenye nywele nzito bila kufika ngozini ni jambo la shaka. Tenganisha nywele kwanza.

Tukiwa na shaka kama ubatizo ulifanyika?

Kwanza chunguza: tafuta cheti, mwulize shahidi aliyeona. Kanuni ya 876 inakubali tamko la shahidi mmoja asiye na lawama. Shaka ikibaki, hubatizwa kwa sharti: "Kama hujabatizwa, nakubatiza..." Usikimbilie njia hiyo kwa kila Mkristo anayetoka dhehebu lingine. Ubatizo wa maji kwa jina la Utatu unaofanywa na madhehebu mengi ya Kiprotestanti ni halali, na kuurudia ni kuikosea sakramenti. Ubatizo wa Wamormoni ulitamkwa kuwa si halali mwaka 2001.

Mimba ikitoka?

Kanuni ya 871: ikiwa hai, ibatizwe kadiri inavyowezekana. Ukiwa na shaka, sema "Kama u hai, nakubatiza..." Ikiwa kifo ni dhahiri, usibatize. Sakramenti ni za walio hai. Omba, na umwite padri kwa ajili ya wazazi.

Waliokufa bila maji huzikwa kikanisa?

Wakatekumeni, ndiyo, kama waamini wengine (kanuni ya 1183). Mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza anaweza kuzikwa kikanisa kwa ruhusa ya askofu wa mahali.

Baada ya ubatizo wa dharura nifanye nini?

Andika papo hapo: jina, tarehe, saa, mahali, majina ya wazazi, jina lako na la shahidi mmoja. Peleka taarifa kwa paroko wa eneo hilo aiingize katika kitabu cha ubatizo (kanuni ya 878). Mgonjwa akipona, ataletwa kanisani kukamilishiwa sehemu za ibada zilizobaki, kama mafuta ya krisma, vazi jeupe na mshumaa, lakini maji hayarudiwi, na mwambie paroko hivyo mapema. Mkatekumeni aliyefariki kabla ya maji haandikwi katika kitabu hicho, hata kama nia yake ilijulikana na kila mtu. Kitabu ni cha maji tu.